Daktari Anajibu: pH ya kawaida, mgonjwa mahututi

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni daktari tarajali katika hospitali ya rufaa huku mashariki mwa Uganda. Wiki iliyopita tulimpokea mama wa miaka 34 mwenye kisukari, ambaye alikuwa ametapika kwa siku tatu na kuacha kujichoma insulini kwa kuwa hakuwa akila chochote. Sukari yake ilikuwa 28, na mkojo ulionyesha ketoni nyingi (asidi zinazotengenezwa mwili unapochoma mafuta badala ya sukari). Tulipopima gesi za damu ya ateri, mashine ilitoa pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) 7.39, kaboni dayoksaidi 41 na bikaboneti (chumvi ya damu inayozima asidi) 24. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alisema kwamba huyu hana asidi, ni sukari tu iliyopanda. Baadaye maabara ilileta majibu mengine: sodiamu 137, kloraidi 83, potasiamu 3.0. Sikuridhika, lakini sikujua niseme nini mbele ya mkubwa wangu. Je, inawezekana mtu mwenye ketoni nyingi kiasi hicho asiwe na asidi? Na ni utaratibu gani ninaoweza kuushika ili nisipotee kila ninapopewa karatasi ya aina hii?
Daktari tarajali, Mbale

JIBU: Ndugu Daktari, mashaka yako yalikuwa ya haki. Mama huyo alikuwa na asidi nyingi mwilini, na karatasi iliyosema hivyo ilikuwa mkononi mwenu, ila haikuwa ile iliyotoka kwenye mashine ya gesi. Ilikuwa ile ya pili. Chukua sodiamu 137, uondoe kloraidi 83, kisha uondoe bikaboneti 24; kinachobaki ni 30. Hicho ndicho tunachokiita pengo la anioni, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 8 na 12 hivi. Katika damu, chaji chanya na chaji hasi lazima zilingane, kwa hiyo pengo likifika 30 maana yake ni kwamba kuna chaji hasi nyingi ambazo hatukuzipima, nazo ni mabaki ya asidi. Kwa mama mwenye ketoni nyingi kwenye mkojo, hatuna haja ya kwenda mbali kuzitafuta asidi hizo.

Linalobaki kuelezwa ni jinsi bikaboneti ilivyosalia 24 huku asidi zote hizo zikiwamo. Kila kipimo kimoja cha asidi ya ketoni kinapoingia kwenye damu, hula takriban kipimo kimoja cha bikaboneti. Pengo la mama huyu limezidi la kawaida kwa 18 hivi, na kwa hiyo bikaboneti yake ilipaswa kushuka kutoka 24 hadi karibu 6. Haikushuka hivyo kwa sababu kabla ya kuliwa ilikuwa imepanda hadi karibu 42, na kilichoipandisha ni kule kutapika. Tumbo humimina asidi ya haidrokloriki, na mtu akiitapika siku tatu mfululizo, asidi hutoka nje pamoja na kloraidi, huku bikaboneti ikibaki nyuma ndani ya damu. Kloraidi yake ya 83 ni shahidi wa jambo hilo. Mama huyu ana magonjwa mawili ya mizani ya asidi, moja likivuta huku na jingine kule, mfano wa vijana wanaovuta kamba uwanjani: kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba kikitulia, mtazamaji wa mbali anaweza kudhani hakuna mchezo, lakini ukisogea karibu utaona mikono inavyotetemeka.

Sasa nikupe utaratibu, na nitauandika kama ninavyoufundisha wodini.

Mizani ya asidi hutunzwa na viungo viwili. Mapafu hutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ikiwa ndani ya maji ya damu ni asidi, na yanaweza kubadili kiwango chake ndani ya dakika chache. Figo hushughulika na bikaboneti, na kazi yake huchukua siku mbili, tatu, hata tano. Lawrence Henderson alionyesha mwaka 1908 kwamba asidi ya damu hutegemea uwiano wa vitu hivyo viwili, wala haitegemei kimoja peke yake. Kwa mkono unaweza kuipata hivi: zidisha 24 kwa kaboni dayoksaidi iliyoandikwa kwa milimita za zebaki, kisha ugawe kwa bikaboneti. Jibu la 40 ni sawa na pH 7.40; 50 ni 7.30, 63 ni 7.20, 79 au 80 ni 7.10, na 100 ni 7.00. Kwa mgonjwa wako, 24 mara 41 kugawa kwa 24 ni 41, yaani pH 7.39, kwa hiyo karatasi yake inakubaliana na nafsi yake. Nakusihi uifanye hesabu hii kila mara kabla ya kufasiri chochote, hasa pale matokeo yanaposomwa kwa simu au kunakiliwa kwa kalamu kwenye faili, kwa maana nimeona zaidi ya mara moja 7.24 ikiandikwa 7.42, na mgonjwa akatibiwa kwa kosa la mwandiko.

Ukisharidhika kwamba namba zinapatana, tazama pH. Chini ya 7.35 damu imeelekea kwenye asidi, na juu ya 7.45 imeelekea kwenye alkali. Kisha uliza ni nani kati ya wawili aliyeivuta upande huo. Kaboni dayoksaidi ya kawaida ni 35 hadi 45, na bikaboneti ni 22 hadi 26. Ikiwa pH imeshuka na bikaboneti imeshuka, chanzo ni cha kimetaboliki, yaani nje ya upumuaji. Ikiwa pH imeshuka na kaboni dayoksaidi imepanda, chanzo ni cha upumuaji. Kwa upande wa alkali mambo hugeuka kinyume. Hadi hapa kila mwanafunzi hufika.

Wengi huachia hapo, na hapo ndipo wagonjwa wanapopotelea. Kiungo kimoja kikiharibika, kile kingine hujaribu kufidia, na kiasi cha kufidia kinajulikana. Katika asidi ya kimetaboliki, kaboni dayoksaidi inayotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha bikaboneti kwa 1.5 na kuongeza 8, ikizidi au kupungua kwa 2. Mtoto mwenye malaria kali ambaye bikaboneti yake ni 8 anapaswa kuwa na kaboni dayoksaidi ya 20 hivi, na pH yake itakuwa karibu 7.22. Ni mgonjwa sana, lakini mapafu yake yanafanya kazi yote yanayoweza kuifanya. Mfikirie mtoto wa pili mwenye bikaboneti ileile ya 8, ila kaboni dayoksaidi yake ni 32. Daktari mwenye haraka ataona kwamba 32 iko chini ya 35, ataandika kwamba mtoto anafidia, na ataendelea na mgonjwa mwingine. Kumbe hesabu inasema mtoto huyu amezidi kiasi anachotarajiwa kwa 12, kwamba amechoka kupumua, au ana nimonia juu ya malaria, au ubongo wake umeanza kulala, na pH yake ni 7.02.

Naandika jambo hili kwa uchungu kwa sababu nilijifunza kwa mtoto wa namna hiyo. Nilikuwa kijana kazini, usiku, na karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti langu ikiwa na namba 32 ambayo niliiona njema. Nilipomrudia alfajiri, kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu kilikuwa kimetulia, na mama yake aliniambia kwa furaha kwamba sasa amepata usingizi. Tulimsaidia kupumua kwa mfuko wa mkono na Mungu alimjalia, lakini tangu siku ile sijawahi kusoma kaboni dayoksaidi bila kuuliza ilipaswa kuwa ngapi.

Ukarimu wa mwili una mpaka, na mpaka huo unasaidia sana kufasiri: ufidiaji haupitilizi. Mapafu hayawezi kuifidia asidi ya kimetaboliki hadi pH ikawa alkali. Ukiona bikaboneti ya 12 pamoja na pH ya 7.46, hiyo si fidia kamilifu. Ni magonjwa mawili, na mtu aliyekunywa dawa nyingi za aspirini ni mmoja wa wa kwanza kukumbukwa, kwa kuwa dawa hiyo huamsha kituo cha upumuaji huku ikileta asidi.

Kwa upande wa upumuaji, kanuni hutegemea muda. Kaboni dayoksaidi ikipanda ghafla kwa 10, bikaboneti hupanda kwa 1 tu. Ikiwa imekaa juu kwa siku kadhaa, figo huiinua bikaboneti kwa 3.5 hadi 4. Kwa bibi aliyepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40, na ambaye mapafu yake yamechakaa, kaboni dayoksaidi ya 60 pamoja na bikaboneti ya 31 ni hali yake ya kila siku, na oksijeni mpe kwa kiasi, ukilenga asilimia 88 hadi 92. Kaboni dayoksaidi hiyohiyo pamoja na bikaboneti ya 26 ni habari ya saa chache, nayo inataka mikono yako sasa hivi. Mtu anayepumua mno kwa hofu au homa hushusha bikaboneti kwa 2 kwa kila 10, na ikidumu hushuka kwa 4 hadi 5. Katika alkali ya kimetaboliki mapafu hufidia kwa ugumu na bila usawa, kwa hiyo usitegemee sana kanuni yake.

Hatari ya kutazama bikaboneti pekee ilionekana wazi huko Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia walionekana wana kiwango kikubwa mno cha bikaboneti, na madaktari wakaiita alkali isiyoelezeka, huku wagonjwa wakifa. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, aliona kwamba ile ilikuwa kaboni dayoksaidi iliyokusanyika kwa sababu watu hawakuwa wakipumua, yaani asidi. Alianzisha njia ya kusukuma hewa kwa mkono kupitia tundu la kooni, wanafunzi wa udaktari wakapokezana kubana mifuko usiku na mchana kwa miezi, na vifo vikapungua mno. Vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo vilitokana na kusoma upya namba moja.

Baada ya hayo yote, hesabu pengo la anioni, hata kama pH ni ya kawaida kama ya mama wako. Albumini, protini kuu ya damu, ikiwa chini, pengo la kawaida hupungua, na katika wodi zetu zenye utapiamlo hili si jambo la pembeni: kwa kila gramu 10 kwa lita zilizopungua chini ya 40, ongeza 2.5 kwenye pengo ulilolipata. Pengo kubwa linakupeleka kwenye ketoni, asidi ya lakti, figo zilizofeli, au sumu. Na sisi Waganda hatuna haki ya kuisahau methanoli, pombe yenye sumu, ambayo mwaka 2010 ilichanganywa kwenye waragi na kuua makumi ya watu huko Kabale. Pengo la kawaida pamoja na bikaboneti ndogo linakupeleka kwenye kuhara, kwenye figo zilizoumizwa na dawa kama tenofovir ya VVU, au kwenye chupa nyingi za maji ya chumvi tulizomtundikia mgonjwa wenyewe.

Tumrudie mama. Kinachonitia hofu zaidi kwenye karatasi zake ni potasiamu ya 3.0. Insulini huisukuma potasiamu ndani ya seli, na kwa mgonjwa anayeanza akiwa na 3.0 moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Apewe maji ya mshipa na potasiamu kwanza, mkojo wake ukiangaliwa, kisha insulini ifuate potasiamu inapopanda. Usihukumu kupona kwake kwa pH, kwa kuwa ilikuwa njema tangu mwanzo. Fuatilia pengo, na linapofunga ndipo ketoni zinakuwa zimekwisha. Na kwa mkubwa wako, mpelekee karatasi zote mbili pamoja, umwombe mkae mfanye hesabu kwa kalamu.

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi wilayani Kabale. Hospitali yetu haina mashine ya gesi za damu, kwa hiyo tunachukua damu na kuipeleka kwa bodaboda kwenye maabara nyingine, na mara nyingi hupita saa nzima kabla ya kupimwa. Pia oksijeni hurudi milimita 66 au 68 za zebaki ikiwa na alama nyekundu, hata kwa watu ambao mapafu yao yanaonekana mazima. Je, tuyaamini majibu hayo?
Muuguzi, Kabale

JIBU: Sista, maswali yako ni mawili na yote mawili ni ya msingi.

Damu iliyomo kwenye bomba la sindano bado iko hai. Chembe zake zinaendelea kula oksijeni, kutoa kaboni dayoksaidi na kutengeneza asidi ya lakti, kwa hiyo baada ya saa moja juani mgongoni mwa pikipiki, pH itakuwa imeshuka, kaboni dayoksaidi imepanda na oksijeni imepungua. Damu ipimwe ndani ya nusu saa. Ikiwa haiwezekani, weka bomba ndani ya maji yenye barafu, lisigusane na barafu tupu, na uandike saa ya kuchukua damu kwenye lebo. Kabla ya kufunga, inua bomba, ncha ikitazama juu, uligonge kwa kidole, na utazame vizuri karibu na shingo lake. Utakuta viputo vidogo kama mbegu za ufuta vimeng'ang'ania ukutani. Vitoe vyote. Hewa ya kiputo huivuta kaboni dayoksaidi ya damu na kuishusha, na huivuta oksijeni kuelekea ile ya hewa ya nje. Heparini ya maji, dawa ya kuzuia damu isigande, ikibaki nyingi ndani ya bomba nayo huzimua damu na kushusha kaboni dayoksaidi na bikaboneti pamoja, kiasi kwamba mgonjwa huonekana ana asidi ya kimetaboliki asiyokuwa nayo.

Ikiwa swali lako ni asidi tu wala si oksijeni, damu ya vena inatosha mara nyingi, na mgonjwa huepuka maumivu ya kuchomwa ateri. pH yake huwa chini kwa 0.03 hivi, na kaboni dayoksaidi yake juu kwa 4 hadi 6.

Kuhusu ile alama nyekundu, mashine imepangiwa viwango vya watu wanaoishi usawa wa bahari, nawe uko karibu mita 2,000 juu yake. Huko kwenu mgandamizo wa hewa ni kama milimita 600 za zebaki badala ya 760. Ukiondoa 47 za mvuke wa maji na kuzidisha kwa 0.21, oksijeni inayoingia mapafuni ni 116 hivi, wakati Mombasa ni 150. Ukiondoa sehemu inayochukuliwa na kaboni dayoksaidi, kwenye vifuko vya hewa hubaki 70 na kitu. Kwa hiyo 66 kwa mkulima mzima wa milima ya Kigezi si ugonjwa. Tena, watu wa milimani hupumua zaidi kidogo, hivyo kaboni dayoksaidi yao hukaa karibu na 35 na bikaboneti yao hushuka kidogo kufuata. Mtu wa Kabale mwenye kaboni dayoksaidi ya 44, ambayo mashine haiwekei alama yoyote, huenda ameanza kushindwa kupumua. Ombeni maabara hiyo iwapimie watu wazima wachache wenye afya, wenyeji wa hapo, mpate kiwango chenu wenyewe.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya cha daraja la nne upande wa Teso. Hatuna mashine hiyo na sidhani tutaipata karibuni. Watoto wa malaria kali huja wakihema. Nawezaje kujua kwamba ni asidi, na je, niwape maji mengi ya mshipa au sindano ya bikaboneti?
Afisa tabibu, Katakwi

JIBU: Marahaba. Mvue mtoto shati na umtazame kwa dakika nzima kabla ya kumgusa. Mtoto wa nimonia hupumua haraka na kwa kifupi, mbavu za chini zikiingia ndani, na oksijeni kwenye kidole huwa imeshuka. Mtoto wa asidi huvuta pumzi ndefu na nzito, kifua chote kikipanda, lakini ukisikiliza mapafu ni safi na oksijeni ni asilimia 97 au 98. Wako wanaobeba yote mawili. Kama maabara yenu hupima bikaboneti, chini ya 15 kwa mtoto wa malaria ni dalili ya ugonjwa mkali. Kama mna kipimo kidogo cha lakteti (asidi ya lakti) cha tone la damu, 5 au zaidi ina maana hiyohiyo.

Maji mengi ya haraka usimpe. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, wakiwamo wa Soroti, Mbale, Lacor na Mulago. Katika saa 48, waliopewa maji ya chumvi kwa haraka walikufa kwa asilimia 10.5, na wale ambao hawakupewa kwa haraka walikufa kwa asilimia 7.3. Watoto wa kuhara hawakuwamo kwenye utafiti huo, nao wanaendelea kutibiwa kwa kurudishiwa maji kama kawaida. Bikaboneti nayo haina nafasi katika malaria, kwa sababu asidi hiyo inatokana na tishu zilizokosa damu na oksijeni. Pima sukari papo hapo na uirekebishe, anza artesuneti ya mshipa, miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 na 2.4 kwa aliyezidi hapo, na pima himoglobini, kwa maana kwa wengi wa watoto hawa dawa ya asidi ni chupa ya damu.

Kisha hesabu pumzi tena baada ya saa moja. Zikipungua huku mtoto akifungua macho na kumtafuta mama yake, yuko njiani kupona. Zikipungua huku akizidi kulegea, mpe msaada wa kupumua kwa mfuko na mpeleke Soroti bila kungoja. Kwenye karatasi ya rufaa andika hesabu zote mbili za pumzi na saa ulizozihesabu, na kama amepewa maji au damu, andika mililita ngapi.